Uamuzi wa Dada Katibu

Jumapili hiyo Antony Kihara alibisha mlango wa Lenah bila kupiga simu kwanza, na yeyote anayemjua Antony angeshtuka hapo hapo. Huyu ni mwanaume aliyeomba ruhusa siku mbili kabla ya kukanyaga Lindi, mtaa wa Kibera alikopanga Lenah. Akifika, aliweka kiti kizingitini, mlango ukabaki wazi, majirani wakamwona kuanzia utosi hadi viatu, maana aliamini kwamba mwanaume na mwanamke wasiooana hawajifungii ndani. Lenah aliamini hivyo hivyo. Kwa mwaka mmoja na nusu walikuwa wamependana mbele ya macho ya Annet, jirani muuza mandazi, ambaye alishachoka kuwatazama wasifanye lolote.

"Karibu," Lenah alisema, akitoa tepu ya kupimia shingoni. "Hukuniambia unakuja."

"Niaje, Lenah."

"Poa. Ndio mnatoka kanisani saa hii?"

"Tumetoka kitambo." Antony hakugusa kiti. Alipita akasimama kati ya cherehani na kitanda, kisha akasema huku akitazama sakafu, "Naomba tufunge mlango. Kidogo tu."

Moyo wa Lenah uliruka. Tusimcheke. Tangu Krismasi alikuwa akingoja neno moja, kwamba Wakarima, mama yake Antony, amekubali, na kwamba wazee wao wa Kawangware watafunga safari kwenda Bungoma kuongea na kaka yake Lenah, Lusweti. Mtu kama Antony haombi mlango ufungwe kwa jambo dogo. Akaufunga. Huko nje akamsikia Annet akisema "Ehe! Hatimaye!" kwa furaha ya mtu aliyepata alichokilipia.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mapenzi ya hawa wawili hayakuanzia kwenye kwaya wala harusini. Yalianzia kwenye simu, katika kundi liitwalo Nguzo na Msingi, lenye watu mia nne na kumi na wawili waliojiita wahafidhina. Asubuhi uliwekwa mstari wa Biblia, kisha hoja ya siku. Serikali iwaachie wazazi watoto wao. Mswada huu unanuka. Vijana wa leo hawataki kuoa, wanataka kukaa tu. Mtu ale jasho lake. Walibishana mpaka saa ya chakula, wakaombeana wagonjwa, wakatumiana picha za mahindi ya shambani, halafu wakaanza kubishana upya.

Lenah aliingizwa humo na mteja wake mmoja, Maggie, miaka mitatu iliyopita, mwaka ule ule aliomzika mama yake. Kabla ya hapo siku nzima iliweza kupita bila kusikia jina lake likitajwa. Wateja walimwita "fundi." Mwenye ploti alimwita "nyumba saba." Kwenye Nguzo aliamka akikuta ameulizwa: Dada Lenah, umeamkaje? Dada Lenah, wewe unaonaje? Aliingiza uzi sindanoni akiwafikiria, akapiga pasi akiwajibu. Upweke ni kitu cha aibu, hakisemwi, lakini mimi nakisema kwa niaba yake. Kuna jioni alizofurahi hadi macho yakalowa kwa sababu tu mtu wa Eldoret ambaye hajawahi kumwona alimtakia usiku mwema.

Antony alikuwa mmoja wa maadmini, na kwao walikuwa na ploti yenye nyumba za kupangisha. Siku moja aliandika kwamba mwenye ploti ana haki ya kufanya apendavyo na mali yake, asisumbuliwe. Lenah alikuwa akisubiri pasi ipate moto, akamjibu: "Mali ni yako, kaka, hakuna anayebisha. Lakini mwenye ploti anayelala fofofo na choo cha wapangaji kimefurika si mhafidhina. Ni mchoyo." Watu walicheka siku mbili. Siku ya tatu Antony akamwandikia pembeni: "Nimezibua hicho choo. Naomba kukununulia chai." Wakakutana Olympic, pale pale Kibera, kwenye kibanda cha chai, na yule mchoyo akawa na macho ya upole ambayo Lenah hakuwa amejiandaa nayo hata kidogo.

Basi ndiyo macho hayo yaliyokuwa yakimkwepa sasa, mlango ukiwa umefungwa.

"Ni mathe?" Lenah aliuliza. "Amekubali?"

"Ile kesi ya jana," Antony akasema. "Kwa Kiti."

"Antony, nakuuliza mamako, unaniambia kesi?"

"Ile ya msichana wa Nakuru. Ulikuwa unafikiria nini ukiiandika?"

Lenah aliketi kwenye kiti cha cherehani. Kiti cha Jumamosi ndicho kilichoipatia Nguzo sifa. Kila Jumamosi mwanachama mmoja aliyekwama maishani alipeleka shida yake kwa admini, naye admini akaivika nguo kabla ya kuileta mbele ya watu: akageuza mji, akageuza kanisa, mwanaume akamfanya mwanamke, ili mwenye kesi asitambulike. Watu walitoa maoni mpaka saa kumi. Kisha katibu akayapima yote na kuandika uamuzi, na mwenye kesi aliahidi kuufuata. Katibu alikuwa Lenah. Mia nne na kumi na wawili, wengi wao wanaume wenye mvi, wakimngoja fundi wa Lindi aseme neno la mwisho. Alilipenda jambo hilo kuliko alivyothubutu kukiri.

"Nilikuwa nafikiria kile kila mtu anajua," alisema. "Msichana wa Nakuru anapenda mpangaji wa kanisa lingine, babake amekataa. Nikaandika aache. Hata Munyao, admini mwenzako, alisema nimeongea kama mzee."

"Hakuna msichana wa Nakuru, Lenah."

"Najua amevishwa nguo. Labda ni wa Thika, labda..."

"Ni mimi." Sasa alimtazama. "Nilipelekea Munyao kesi Ijumaa, akaigeuza. Mimi ndio huyo msichana. Baba ni mathe."

Lenah alicheka kwanza. Ndivyo alivyo, habari kubwa humfikia kupitia kicheko. Kisha kicheko kikakatika, na akauliza kwa sauti iliyotoka nyembamba, "Na huyo mpangaji?"

Antony alimtazama yeye tu, kisha cherehani yake.

Nje mafuta ya Annet yalikuwa yakichacharika. Lenah alijaribu kukumbuka uamuzi alivyouandika, lakini ulikuwa umempotea kabisa kichwani, kama mtu anayesahau jina lake polisi wakimuuliza. Alikuwa ameuandika kwa dakika ishirini, sketi ya mteja ikisubiri zipu.

"Nisomee," alisema.

"Sihitaji kusoma. Nimeshika." Antony aliyatoa neno kwa neno. "'Mapenzi ya mwaka mmoja na nusu hayawezi kupimwa na malezi ya miaka thelathini. Binti aache. Na aache mara moja, ana kwa ana, asimchoshe mwenzake kwa matumaini.'" Akarudi kutazama sakafu. "Ndio maana sikupiga simu. Uliandika mara moja. Uliandika ana kwa ana."

"Kwa hivyo umekuja kuniacha."

"Nimekuja kufanya vile ulisema."

"Usiniwekee hiyo!" Lenah alisimama, mkasi ukaanguka chini. "Uliuliza watu mia nne kama unioe. Munyao anajua. Wazee wa Nyeri wamenijadili wakikunywa chai. Mimi nikaulizwa? Hata siku moja, Antony, ulikaa hapo kwa hicho kiti ukaniuliza, Lenah, mathe amekataa, tufanye nini?"

"Mwenye kesi haongei nje ya Kiti. Hiyo sheria si tuliipitisha pamoja?"

"Mimi si kesi!"

Mafuta ya Annet yalinyamaza. Hata ukuta wa mabati ulionekana kutega sikio. Antony aliokota mkasi, akauweka mezani taratibu, makali yakielekea mbali na Lenah. Hilo lilimwuma zaidi kuliko maneno. Angemkuta na moyo mkavu, angemfukuza vizuri.

"Unajua nilikuwa wapi jana saa tisa?" Antony alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa dukani kwetu, kule Kawangware Forty-six, nimeshika simu tu, wateja wanaitana. Nilikuwa nasema, wasee waandike wanachotaka. Mwishowe ataandika yeye. Huyu ana moyo. Atanitafutia njia. Nilikuwa najua, Lenah. Nilikuwa nimeshaanza kupanga vile nitaonyesha mathe. Halafu ikaingia. Aache."

Lenah aliinua uso. Alimtazama mwanaume huyu mrefu aliyevaa shati la Jumapili, ukosi wake aliugeuza yeye mwenyewe kwa cherehani hii ulipochakaa, na akampenda mpaka kifua kikauma. Alimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na lipi.

"Nitakuambia kitu sijawahi kuambia mtu," alisema. "Nikiwa miaka ishirini na tano kulikuwa na kijana nyumbani, anaitwa Walubengo. Alikuwa anafundisha shule ya msingi. Mama akasema, huyo hapana, ukoo wao siutaki. Sikubishana. Nilimwacha kwa stendi, hata sikumwambia sababu. Mwaka uliofuata mama akafa."

"Pole."

"Ngoja. Jana nikiandika nilikuwa naona huyo msichana wa Nakuru, na sikuona wewe, sikuona mimi. Niliona Walubengo. Kama ningeandika msichana afuate moyo, basi mimi nilimwacha bure. Mama atakuwa alikosea. Na yuko kaburini, siwezi kumuuliza." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kwa hivyo nikaandika aache. Watu wakapiga makofi. Hakuna mtu aliuliza huyo anayeachwa anasema nini. Hata mimi."

Antony alisogea. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimshika mkono bila kumsalimia, akaushika tu, na wakasimama hivyo. Kidole gumba chake kilipita juu ya sugu ambayo mkasi ulimwachia Lenah. Mtu angedhani hapo shida yote imeisha. Kama mapenzi yangetosha, hadithi hii ningeifunga hapa, sote tukalale.

"Mathe alisema nini hasa?" Lenah aliuliza.

"Alisema mpangaji ni mtu wa njia. Leo yuko, kesho amehama. Alisema, 'Siku mkikosana nitamtafuta wapi, Bungoma? Nitaongea na nani?' Hakutusi. Alilia, hata."

"Na babako?"

"Mzee husema sikiza mamako. Hiyo ndio hotuba yake yote."

"Na wewe?"

"Mimi nataka wewe." Alisema bila kusita, na hapo hakudanganya. "Lakini siwezi kusimama mbele ya mathe mikono mitupu, niseme tu nataka. Atasema hata mtoto husema nataka. Nikiwa na kitu cha kushika..." Macho yake yakawaka ghafla. "Lenah, kata rufaa."

"Rufaa?"

"Katibu anaweza. Sema ulikosea, sema kwa nini, vile umeniambia. Wanakupenda, watakusikiza. Kiti kikigeuza uamuzi, mimi naenda kwa mathe leo leo."

"Mwenye kukata rufaa anavua kesi nguo. Lazima niseme ukweli wote, na majina."

"Sema."

"Unaelewa unachosema? Mimi nimewafundisha hao watu adabu miaka miwili. Nikisema msichana anayeachwa ni mimi, watasema nimepinda sheria kwa ajili yangu mwenyewe. Wataninyonga."

"Hawatakunyonga. Nitaandika chini yako hapo hapo. Nitasema, ni kweli, ni mimi, na nampenda. Mstari mmoja tu. Admini akisema, wanatulia." Alimkaza mkono. "Neno langu, Nekesa."

Alimwita Nekesa, jina lake la kwao, pale tu alipoongea kutoka ndani ya roho yake. Lenah alimtazama kwa muda. Aliona kwamba bado alihitaji ruhusa ya watu mia nne ili ampende mmoja, na jambo hilo lilimtia baridi. Lakini aliona pia kwamba bila hilo atatoka mlango huu na hatarudi. Mfa maji huishika hata nyasi, na hii ilikuwa nyasi yenye macho ya upole.

"Saa kumi na moja," alisema. "Ufike nyumbani kwanza. Ushike simu."

"Nitashika."

Antony alipofungua mlango, Annet alikuwa amekaa kwa kigoda hatua mbili tu kutoka pale, sinia la mandazi magotini, akitazama angani kwa bidii.

"Dakika arobaini mlango imefungwa," Annet alisema. "Na bado unatoka na hiyo uso? Aki nyinyi watu wa Biblia mnanichosha."

Antony akacheka kidogo, akanunua mandazi mawili ambayo hakuyala, akaondoka. Kwenye kona alisimama akageuka. Alimtazama Lenah kama mtu anayehesabu mizigo yake asije akasahau mmoja. Kisha akapotea upande wa Olympic.

Saa kumi na moja kamili Lenah aliandika. Alikuwa ameandika na kufuta mara sita, na mwishowe akauacha ujumbe utoke ulivyo:

"Ndugu zangu. Mimi katibu wenu nakata rufaa katika kesi ya jana, na ninaivua nguo. Hakuna binti wa Nakuru. Mwenye kesi ni ndugu yetu Antony, na mpangaji ni mimi Lenah. Sikujua nilipoandika. Lakini siombi rufaa kwa sababu ni mimi. Naomba kwa sababu hakuna kati yetu aliyeuliza yule anayeachwa anasema nini, na angekuwa binti yenu mngeuliza. Wazazi waheshimiwe. Lakini mzazi anabembelezwa, anaongeleshwa, anaendewa mara ya pili na ya tatu. Mimi niliandika aache kama vile watu ni nguo za kupunguza. Nilikosea. Nampenda Antony. Nisameheni, na mseme upya."

Dakika nzima kundi zima lilikaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu liundwe. Kisha Maggie akatuma moyo mwekundu. Mzee mmoja wa Meru akaandika, "Binti, umesema kiungwana." Lenah alibana simu kwa mikono yote miwili.

Juu ya skrini pakatokea maneno: Antony anaandika.

Yakapotea.

Mwingine akaingia. "Kwa hivyo sheria ni ya watu wengine?" Mwingine: "Ndio maana alikuwa mtamu kwa maadmini." Mwingine akauliza huyo Antony alikuwa akimtembelea wapi, na kwa nini mwanamke anayekaa peke yake Kibera anaandikia wake za watu maadili. Wale wale waliomtakia usiku mwema. Mtu wa Eldoret, yule yule, akaandika: "Tulikupa kiti ukakikalia kwa faida yako."

Antony anaandika.

"Andika," Lenah alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Mstari mmoja. Andika, mpenzi."

Yakapotea. Yakarudi. Matusi yalikuwa yakipita juu yake kwa kasi, na yeye hakuyasoma tena, alikuwa akitazama mahali pamoja tu, pale juu panapotokea jina. Antony anaandika. Antony anaandika. Kwa muda mrefu safari hii, muda wa mtu kuandika barua nzima.

Kisha kikatokea kijistari kidogo cha kijivu, chini kabisa.

Antony amekuondoa.

Lenah alisoma mara tatu akidhani macho yanamdanganya. Kabla hajaweza hata kulia, ujumbe ukaingia pembeni, wa kwake peke yake.

"Nimekutoa usisome vile wanakutusi. Sikutaka uumie, Nekesa. Wacha watulie, nitaongea nao polepole. Na mathe pia. Nipe muda."

Alikuwa amemhurumia. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwamba kwa akili yake Antony alikuwa ametenda wema, na labda huko Kawangware alikuwa akilia kwa kweli. Lenah akaandika maneno mawili.

"Wewe umebaki?"

Alama mbili zikawa buluu papo hapo. Amesoma. Lenah alingoja jina lake litokee pale juu, lisitokee. Alingoja mpaka Annet akamaliza kukaanga, akamwaga maji ya moto kwenye mfereji, akafunga kibanda na kumwita mara moja kupitia ukuta, "Lenah, uko sawa?" naye akajibu yuko sawa.

Kisha, kwa mazoea ya miaka mitatu, kidole chake kikaenda chenyewe kuitafuta Nguzo na Msingi, apate mtu wa kumwambia.